Barabara ya Chake Chake na Wete, na Gari za Mbao

Leo tutazungumza habari za gari za abiria za Pemba. Huenda ukauliza, "Gari nayo ina tarikhi?" Naam, inayo, nayo imefungamana na karafuu.

Kwanza itazame nchi yenyewe. Pemba ni vilima na mabonde: mabondeni mpunga, vilimani mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba mingi ilisalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi. Lakini kuzifikisha pwani kulikuwa taabu. Zilichukuliwa vichwani na juu ya punda, kwa vijia vya shamba, hadi kwenye hori, kisha zikapakiwa majahazini. Ndiyo maana Wete, Chake Chake na Mkoani, yote mitatu imekaa upande wa magharibi, penye hori na bandari.

Unguja ilipata reli ya Bububu mwaka 1905. Pemba haikupata reli. Baina ya vita kuu mbili, yaani 1918 hadi 1939, barabara za motokaa zilienea visiwani, nazo gari za abiria zikafuata.

Injini na magurudumu vilitoka ng'ambo, bali bodi lilikuwa kazi ya seremala wetu. Aliunda ubavu wa mbao, akaweka vibao virefu vya kukalia, abiria wakielekeana, na mizigo ikapandishwa juu. Toka Chake Chake hadi Wete ni mwendo mrefu. Kwa miguu, tena na mzigo, ni safari ya kutwa. Kwa gari, mtu aliweza kwenda sokoni au hospitali na kurudi siku ile ile.

Je, mkulima alitajirika kwa hayo? Hapa tufikiri vizuri. Wakulima wengi walikuwa wamekwisha kukopa kabla ya msimu, na karafuu zao zilikuwa na mwenyewe zingali mtini. Gari ilifupisha njia, haikufupisha deni. Kwa hiyo serikali ya wakati ule ilisaidia kuanzisha Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, na mwaka 1934 ikatunga sheria juu ya madeni na uuzaji wa mashamba. Mambo hayo nayo yalizusha ugomvi mkubwa.

Basi fundisho letu ni hili: barabara humfikisha mtu kwenye mizani, lakini faida hupata yule ambaye gunia bado ni lake.

Kabla ya somo lijalo, waulize wazee wa kijijini kwako: gari ya kwanza ilisimama wapi, na nani alikuwa seremala wake? Andika majibu yao daftarini. Hiyo pia ni tarikhi.