Boriti ilivyopima vyumba vya Mji wa Kale

WAGENI wazuruo Mji wa Kale, Mombasa, huonyeshwa milango ya nakshi na roshani za mbao. Ni nadra kuelezwa kwa nini vyumba vya nyumba kongwe za mawe ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 tu.

Sababu ni boriti. Sakafu ya mawe ya matumbawe na chokaa ni nzito mno, na boriti ya mkoko, iliyoletwa kwa jahazi kutoka Lamu, huanza kupinda ikizidi urefu huo. Hapo fundi hakuwa na hiari. Boriti hizo hizo zilivushwa hadi Ghuba, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vya upana kama huo.

Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti ng'ambo mwaka 1982. Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, hatua iliyolinda zaidi sura za nje. Ndani, sakafu ikivuja boriti huoza, na nyumba iliyorithiwa na ndugu wengi haitengenezwi hadi wote waridhie. Wengine huziba nyufa kwa saruji, ambayo hufungia unyevu ukutani na kuzidisha uozo.