Mwaka wa Makunduchi

Kila Julai Makunduchi, kusini mwa Unguja, huingia mwaka wake. Watu wake wa upande wa kusini na wa kaskazini hukutana uwanjani, na wanaume hupigana kwa mashina ya migomba mpaka wachoke. Mwenye kinyongo na nduguye hukimalizia hapo. Kisha mzee huingia kibanda cha makuti, kibanda hutiwa moto, naye huchomoka mbio. Wote hutazama moshi unaelekea wapi. Wanawake, wamejipamba, huimba nyimbo za mafumbo, mengine makali hasa.

Wazee watakwambia sherehe hii, Mwaka Kogwa, ililetwa na Washirazi. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, inawataja baba na wanawe sita waliotoka Shirazi, Uajemi, kwa majahazi saba, kila mmoja akashuka bandari yake. Lakini uwanjani Makunduchi hakuna jahazi, wala hakuna anayemwigiza baba au wanawe. Safari yenyewe haimo.

Kilichomo ni hesabu. Mwaka wa Nairuzi, unaosherehekewa hapo, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia. Hauongezwi siku kila mwaka wa nne, kwa hiyo hurudi nyuma siku 24 hivi kila karne ukilinganishwa na kalenda ya Kizungu. Iran waliifunga Nairuzi yao kwenye Machi kwa kalenda ya Jalali, mwaka 1079. Waparsi wa India, waliohama na hesabu ya kale, wengi wao bado huupokea mwaka mpya Julai au Agosti, jirani kabisa na Makunduchi. Kwangu mimi ujirani huo wa hesabu ni ushahidi wa Uajemi wenye uzito kuliko majahazi yote saba. Hakuna mfalme aliyeamuru hesabu hii itunzwe. Wameitunza wakulima na manahodha, maana mwaka wa mwezi mwandamo haumwambii mtu lini apande wala lini kaskazi itavuma.

Si kwamba wageni hawakuja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, papo hapo kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa: damu ya Asia iliingia kwa wingi kupitia wanaume wa Uajemi, na ya Afrika kupitia wanawake, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Makunduchi haikupimwa. Hata hivyo katika matokeo hayo sioni msafara mmoja wa baba na wanawe. Naona wafanyabiashara wa misimu mingi, waliooa na kukaa ukweni. Mapigano ya migomba na moto wa makuti sidhani vilipakiwa jahazini. Wenyeji waliipokea hesabu ya wakwe zao, wakaifanyia sherehe kwa desturi zao wenyewe.