Namna ya Kutambua Wadudu Waharibifu wa Vifaa vya Makumbusho Wilayani Tarime na Serengeti

Ngao ya ngozi, litungu, kibuyu cha maziwa na kigoda ni miongoni mwa vifaa vinavyobeba kumbukumbu za Wakurya wa Tarime, pamoja na Waikoma na Wangoreme wa Serengeti. Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ngozi, mti na mimea, yaani chakula cha wadudu. Vikiachwa katika ghala lenye giza bila kukaguliwa, vinaweza kuharibika ndani ya miezi michache, na hakuna fundi awezaye kurudisha ngozi iliyokwisha kuliwa.

Mdudu mwenyewe huonekana kwa nadra. Kwa hiyo utambuzi huanzia kwenye alama anazoacha. Matundu madogo ya mviringo kwenye kigoda, yakiambatana na unga laini, ni kazi ya mbawakawa wanaobungua mbao. Tundu hilo ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia: buu amekwisha kuishi ndani kwa muda mrefu kabla ya tundu kuonekana. Ili kujua kama wadudu bado wapo hai, tandika karatasi nyeupe chini ya kifaa, usikisogeze, kisha kikague baada ya wiki moja. Unga mpya juu ya karatasi ni dalili kwamba kazi inaendelea. Wakulima wa mahindi wanamfahamu ndugu wa wadudu hao, dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kujulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Naye hutoboa mbao, hivyo chumba cha vifaa kisipakane na ghala la nafaka.

Mchwa ni tofauti. Hujenga vijia vya udongo ukutani na kula mti kwa ndani, wakiacha ganda la juu likiwa zima.

Kwenye ngozi, manyoya na pembe, adui mkubwa ni mabuu ya kahawia yenye nywele, ambayo huacha magamba makavu kila yanapojivua. Baadhi ni ya mbawakawa wa ngozi, Dermestes maculatus, anayevutiwa hasa na ngozi yenye mabaki ya nyama au mafuta. Wengine ni mbawakawa wadogo wa milimita 2 hadi 4, wenye madoadoa, ambao wakikomaa hufuata mwanga. Wakikutwa wamekufa dirishani, ghala likaguliwe siku hiyo hiyo. Nondo wa nguo, kinyume chake, hukimbia mwanga. Anayezunguka taa usiku kwa kawaida siye.

Kifaa chenye dalili kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na kutengwa. Kukigandisha kwa nyuzi joto 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili huua mayai, mabuu na wadudu wakubwa. Mfuko usifunguliwe hadi kifaa kirejee katika joto la kawaida, ili kisipate unyevu. Kuanika juani hupasua ngozi ya litungu, na dawa za kupuliza huharibu rangi. Vifaa vya zamani vya makumbusho vishikwe kwa glavu, kwa kuwa baadhi vilipakwa sumu ya aseniki enzi zilizopita.

Mkoani Mara, Makumbusho ya Taifa ina kituo chake Butiama, Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 1999. Anayehitaji ushauri wa mtaalamu amhifadhi mdudu katika chupa ndogo, akiandika tarehe, aina ya kifaa na chumba alimopatikana.