Sayari Ngapi Juu ya Nyegezi?

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hupanga kazi yao kwa kufuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi hutoka mialoni na taa zake, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na mtu aliyeko ufukweni Nyegezi huona Ghuba ya Mwanza imewaka kama mji mwingine uliojengwa majini. Mbalamwezi ikishakomaa, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na wengi hukaa nchi kavu kushona nyavu. Kwa hesabu iliyokubalika duniani kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote, mwezi huo unaowagawia wavuvi siku zao ulikuwa sayari. Jua nalo lilikuwa sayari. Dunia haikuwa.

Hesabu hiyo ilikuwa na akili yake. Anayetazama anga kwa macho matupu huona maelfu ya nyota zinazokwenda pamoja bila kuachana, na kati yake vitu saba visivyotulia: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Sayari ilikuwa kinachosafiri, basi. Nyegezi ni mahali pazuri pa kuihakiki orodha hiyo. Iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, ghuba iko upande wa magharibi, na katika latitudo hizi njia ya sayari husimama karibu wima juu ya upeo wa macho. Utaridi haijitengi na Jua kupita nyuzi 28, kwa hiyo watu wa Ulaya ya kaskazini huitafuta kwa taabu, imelala chini kabisa kwenye ukungu wa machweo. Huku kwetu, jioni zake zikifika, huonekana wazi juu ya maji kabla haijalifuata Jua.

Orodha ya saba ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na elimu ya falaki, ndani ya vitabu vya Kiarabu na vichwani mwa walimu waliovisoma. Huko ilipewa kazi. Kila saa ya mchana na ya usiku ilikabidhiwa sayari moja, kwa mpangilio wa kuanzia ile iliyodhaniwa kuwa mbali zaidi hadi iliyo karibu: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, kisha unarudi mwanzo. Saa ya kwanza ya Jumapili, inayoanza jua linapochomoza, ni ya Jua. Ya pili ni ya Zuhura, ya tatu ya Utaridi, ya nne ya Mwezi. Endelea hivyo mpaka saa 24 ziishe, na saa ya kwanza ya Jumatatu itaangukia Mwezi, ya Jumanne Mirihi, ya Jumatano Utaridi, ya Alhamisi Mshtarii, ya Ijumaa Zuhura, ya Jumamosi Zohali. Siku ya nane unajikuta tena kwenye Jua. Mtu aliyetaka siku njema ya kusafiri au kuoa alimwendea mwalimu. Jina lake na la mama yake yakageuzwa kuwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki likaonyesha nyota yake: Hamali, Mizani, Akarabu au nyingine katika zile kumi na mbili.

Inafaa kukaa kidogo juu ya hesabu ya saa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mabishano ya wataalamu wa Ulaya na Marekani kuhusu idadi ya sayari yaliwapita walimu wa falaki bila kuwagusa. Sayari ya nane haina pa kukaa humo. Saa 24 zikigawanywa kwa 7 hubaki 3, na hilo baki ndilo linaloipa kila siku bwana wake. Zikigawanywa kwa 8 hakibaki kitu, na kila siku ya juma ingeanza na sayari ileile. Mwalimu ambaye angeikaribisha sayari moja mpya angelazimika kulifuta juma zima.

Agosti 3, 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akitokea Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na kuliona ziwa alilolipa jina la malkia wake. Alikuja na vyombo vya kupimia kimo cha nyota ili ajue yuko latitudo gani. Alikuja pia na Sidi Mubarak Bombay na watu wengine waliozoea njia za pwani, ambako misafara ilikuwa na desturi ya kutazamiwa siku ya kuondoka. Kwa falaki ya pwani sayari zilikuwa 7. Kwa elimu aliyotoka nayo Speke zilikuwa 8, na hiyo 8 ilikuwa imetulia miaka michache tu.

Maana huko Ulaya orodha ilikuwa imeyumba vibaya. Nicolaus Copernicus, katika kitabu chake cha 1543, aliliweka Jua katikati. Kwa hatua hiyo Jua na Mwezi vikatoka, Dunia ikaingia, zikabaki 6. Machi 13, 1781, William Herschel, mwanamuziki aliyehamia Bath nchini Uingereza na kujitengenezea darubini mwenyewe, aliiona Uranus, zikawa 7. Januari 1, 1801, padri Giuseppe Piazzi wa Palermo aliiona Ceres katikati ya Mirihi na Mshtarii. Ikafuata Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804, Vesta mwaka 1807, na vitabu vya kufundishia vikaandika sayari 11. Mwaka 1845 ikaongezeka Astraea. Septemba 23, 1846, Johann Galle wa Berlin alielekeza darubini karibu na mahali ambapo Urbain Le Verrier wa Paris alikuwa amekokotoa kwa kalamu, akaikuta Neptune. Sasa zilikuwa 13.

Kisha vile vidogo vikamiminika. Kufikia mwaka aliofika Speke ziwani vilikuwa vimeonekana kama 50, vyote katika eneo lile la Ceres. Wanaastronomia hawakupiga kura wala hawakuitisha mkutano. Walivitoa kimyakimya kwenye safu ya sayari, wakavipa namba, wakaviita asteroidi, jina ambalo Herschel alikuwa amelipendekeza tangu 1802. Ceres ilikuwa imehesabiwa sayari kwa takriban nusu karne, na sidhani kama kuna mtoto aliyeililia.

Pluto ilikuwa na bahati nyingine. Februari 18, 1930, Clyde Tombaugh, kijana wa shamba mwenye umri wa miaka 24 aliyeajiriwa na kituo cha Lowell huko Arizona, alilinganisha picha mbili za anga zilizopigwa Januari kwa kupishana siku sita, akaona nukta moja imehama. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa kubwa. Makadirio yakazidi kushuka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1978 James Christy alipogundua mwezi wake, Charon, uzito wake ulipimika vizuri, ikaonekana kwamba Pluto haifikii hata sehemu moja ya mia nne ya uzito wa Dunia. Lakini ilikuwa imeshaingia vitabuni.

Katika vitabu vya Kiswahili iliingia kwa vurugu. Falaki haikuwa na majina ya Uranus, Neptune na Pluto, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kuzihitaji. Baadhi ya orodha za shuleni, hasa Kenya, zilijaza nafasi hizo kwa kuokota kutoka falaki yenyewe. Neptune ikaitwa Kausi, ambayo ni moja ya nyota kumi na mbili, ile ya Mshale. Sarateni, yaani Kaa, nayo ikachanganywa na sayari. Pluto ikapewa jina la Utaridi, na ile Utaridi ya zamani, jirani wa Jua, ikaachiwa Zebaki, jina la madini. Basi mwanafunzi aliyekariri orodha hiyo aliiweka Utaridi mwisho kabisa, gizani, huku mzee wa falaki mtaa huohuo akiihesabu karibu na Jua na kuipa Jumatano. Wote wawili walikuwa na kitabu cha kuonyesha.

Nyegezi inaingia hapa kwa njia nyingine. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha hapo chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho kilipata sifa kwa kufundisha waandishi wa habari na mwaka 1998 kikageuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Nakitaja kwa sababu gazetini ndiko anga hizi mbili zilikoishi nyumba moja. Ukurasa mmoja una habari ya chombo kilichorushwa kwenda angani; ukurasa mwingine una nyota za wiki, Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa. Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa utabiri wake, na msomaji wa kawaida hakuona mgongano wowote. Mgongano ulikuwepo hata ndani ya safu ya nyota yenyewe. Nyota za gazetini kwa kawaida hufuata tarehe ya kuzaliwa, mtindo uliotoka Ulaya, wakati mwalimu wa pwani huuliza jina la mama.

Tena wanajimu wa Ulaya na Marekani walikuwa wepesi kuliko wa kwetu kupokea wageni. Uranus waliipa Ndoo, iliyokuwa ya Zohali. Neptune ikapewa Samaki, iliyokuwa ya Mshtarii. Pluto ikapewa Nge, iliyokuwa ya Mirihi.

Msiba wa Pluto ulianza Agosti 1992, David Jewitt na Jane Luu walipoona kutoka Hawaii kitu kidogo kinacholizunguka Jua mbali kuliko Neptune. Vikafuata vingine kwa mamia. Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wakatangaza kimoja, baadaye kikaitwa Eris, ambacho kilidhaniwa kuwa kikubwa kuliko Pluto. Hali ilikuwa ileile ya miaka ya 1850, ila safari hii kulikuwa na chombo cha kuamua.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague Agosti 2006. Kamati yake, chini ya mwanahistoria Owen Gingerich wa Harvard, ilileta pendekezo ambalo lingefanya sayari kuwa 12, kwa kuirudisha Ceres na kuongeza Charon na Eris. Wajumbe wakalikataa. Agosti 24 waliletewa maneno mengine: sayari ilizunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha kujiviringisha, na iwe imesafisha njia yake. Pluto ilianguka kwenye sharti la tatu, ikawekwa kwenye kundi jipya la sayari kibete. Jocelyn Bell Burnell aliwafafanulia ukumbini kwa mwavuli ulioandikwa sayari, akiuliza kama sayari kibete nazo zitaingia chini yake. Jibu lilikuwa hapana. Waliopiga kura walikuwa 424, katika umoja wenye wanachama wapatao 10,000. Wengi walinung'unika, Alan Stern akiwa mbele yao. Chombo chake, New Horizons, kilirushwa Januari mwaka huohuo kikielekea sayari, na Julai 2015 kikaipita sayari kibete.

Maoni yangu ni kwamba Prague walifanya alichofanya mwalimu wa falaki: walitaka orodha inayofaa kazi yao. Mwalimu alihitaji saba ili juma lifunge. Wao walihitaji chache, ili kila jiwe la barafu linalogunduliwa lisidai nafasi darasani. Tofauti ni kwamba mwalimu hakulazimika kubadili chochote siku hiyo. Wanajimu wa Ulaya na Marekani nao wengi waliendelea kuiachia Pluto Nge yake, na wachache wakaanza kuulizana Eris ipewe nini. Aliyepata shida ni msomaji wa ile orodha ya shuleni, maana kwa maneno ya kitabu chake sayari iliyofukuzwa ni Utaridi, ambayo jioni nyingine bado humwangalia kutoka ng'ambo ya ghuba.

Neno la Prague lilikuwa na pengo moja lililokusudiwa. Lilihusu Jua letu tu, na sayari za nyota nyingine zikaachiwa kanuni za pembeni. Hivyo mwaka 2019, umoja huohuo ulipoziomba nchi kuzipa majina nyota na sayari za mbali, Tanzania ilipata nyota WASP-71 na sayari yake. Nyota ikaitwa Mpingo, sayari ikaitwa Tanzanite: dude zito kuliko Mshtarii mara mbili na zaidi, linaloizunguka nyota yake kwa muda usiofika siku tatu. Kwa azimio la 2006 peke yake, Tanzanite si sayari, kwa kuwa Jua inalozunguka si letu.

Kenya ilipata nyota HD 83443, na majina yakatoka kwa Wajaluo wa ziwa hilihili: nyota ikaitwa Kalausi, yaani kimbunga cha vumbi, na sayari ikaitwa Buru, yaani vumbi. Mwaka 2000 nyota hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa na sayari mbili. Vipimo vilivyofuata havikuiona ya pili, ikafutwa bila kura ya mtu yeyote, na walipofika kwenye majina ilikuwa imebaki moja tu ya kuita.