Bandia ya Bandia

Mwezi mmoja kabla ya tamasha la muziki, mwalimu wa ngoma wa shule moja hapa Ntimaru alinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Juu aliandika MALEBA, akapiga mistari miwili. Kisha: njuga jozi 12, viatu vya mbao jozi 12, usinga 12, ngao 6, mbega 4. Kila kitu kilikuwa na bei pembeni, isipokuwa mbega. Hapo aliweka alama ya kuuliza.

Mimi ugonjwa wangu ni maneno, kwa hiyo nilikwama kwenye kichwa cha orodha. Maleba ni mavazi ya mchezo, yanayovuliwa mchezo ukiisha. Mzee aliyekuja kuwafundisha vijana hatua za ngoma ya Kikuria hakulipenda neno hilo hata kidogo. "Mwalimu, njuga ni njuga," alisema. "Mimi sikuigiza kitu. Nilicheza."

Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaoigiza kweli, na kwa pesa nyingi. Mwaka 1966 kilianzishwa California chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, cha watu wazima wanaojivika chuma na kupigana kama askari wa karne zilizopita. Uingereza nako, vita vya Hastings vya 1066 hurudiwa uwanjani na watu ambao Jumatatu wanarudi ofisini. Kiswahili kinaweza kumvika mtu wa namna hiyo kuanzia utosini: chapeo tulipewa na Wareno, deraya na Waarabu, ngao ni yetu ya Kibantu. Wengi tulikutana na mavazi hayo kwenye Biblia, mwilini mwa Goliathi, ambaye darii yake ya shaba ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000. Mwengo wa Pate alitangulia: mwaka 1728 alitunga Utenzi wa Tambuka, juu ya vita vya Waislamu na Warumi vilivyopiganwa karne ya 7. Jeshi zima alilivika kwa wino. Sijui mwigizaji mwingine wa historia aliyetumia fedha kidogo kama yeye.

Hao wa chuma hawana bahati hiyo. Shati la pete za chuma lina makumi ya maelfu ya pete, nalo huuzwa kwa namna mbili. Katika shati la bei nafuu, ncha za kila pete zimebanwa tu zikakutana. Katika lile linalofuata kazi ya kale, ncha zimelaliana, zikatobolewa na kupigiliwa kijipini, pete moja moja. Ukisimama mbali kidogo huoni tofauti. Mnunuzi analipia kitu ambacho mtazamaji hatakiona, na sehemu kubwa ya fedha yake imeishia kwenye vijipini.

Nilimwambia mwalimu orodha yake imechanganya bei na gharama. Akadhani nataka kumfundisha uhasibu. Bei, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kule kuuza tu: muuzaji ametaja, mnunuzi amelipa, wameachana. Gharama kwa Mwarabu ni faini. Sisi tuliilainisha ikawa matumizi ya kawaida, gharama za arusi, gharama za matanga, lakini harufu ya adhabu haijaisha. Mtu hasemi "nimeingia gharama" huku anacheka.

Na mbega? Manyoya yake marefu meusi na meupe ndiyo mzee aliyoyataka kwa vijana wanne wa mbele. Hana bei kwa sababu hana muuzaji halali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipotungwa ilimwekea mtu atakayekutwa na nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Hapo Kiswahili chetu na Kiarabu cha kwao vinakutana tena: gharama ya mbega halisi ni faini. Tazama pia hilo neno nyara. Zamani nyara ilikuwa ya askari, kitu alichoteka vitani akarudi nacho. Siku hizi tunasema nyara za serikali. Ngozi ni ileile, ila mwenyewe amebadilika.

Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe waliozoea kuvaa ngozi za chui katika ngoma zao za ibada wamepelekewa na shirika la Panthera ngozi za kutengenezwa, zenye madoa yaliyochapwa. Ntimaru hatukupelekewa kitu. Mwalimu alikwenda sokoni kwa wauza mitumba, akachambua rundo la makoti ya baridi hadi akapata mawili ya kike, moja jeusi, moja jeupe, ya manyoya ambayo hayakuwahi kuota kwenye mnyama yeyote. Akayachana kwa wembe na kuyashona vipande kwa vipande. Mzungu alitengeneza koti kumwiga mnyama. Sisi tukalichana koti tumwige mbega. Bandia ya bandia.

Lakini silitupi neno bandia upesi. Bandia pia ni mwanasesere, na mtoto anayembeba mgongoni anajua fika kwamba halii. Feki ndiyo tusi, maana feki umeuziwa na mtu aliyekudanganya. Bandia unaishika huku unajua.

Mzee naye nilimpata na lake. Iritungu lake, kinubi cha nyuzi 8, lilifungwa nailoni, mshipi wa kuvulia samaki. Nilimuuliza kama siku hizo za zamani nyuzi hazikuwa kano za mnyama. Alikubali bila wasiwasi. Sasa mbona koti ni uongo na mshipi si uongo? Akapiga uzi mmoja, ule mnene, akaniacha nisikilize mpaka ulipotulia. "Hii inasema," akajibu.

Siku ya mazoezi ya mwisho nilishika kiatu kimoja cha mbao. Kizito, kimechongwa kwa tezo, alama za makali bado zinaonekana ubavuni. Hicho hakikuigwa na hakihitaji kibali cha mtu. Mti ni mti, na mguu usiokizoea unaumia leo kama ulivyoumia zamani. Vijana walipoanza, vumbi likapanda, njuga zikaitikiana, na yule wa mbele kabisa akageuka ghafla, mbega wake akapeperuka. Kwenye bitana, karibu na pindo, kilikuwa bado kimeshonewa kile kitambaa kidogo cha maelekezo ya kufua.

Mzee alikiona. Akaomba wembe.