Milimeta 67: historia ya mafundi wa reli ya Kindu na somo wanalotuachia



Tangu Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka wa 2025, familia nyingi zilizokimbia vita vya Kivu zimepita hapa kwetu, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Siku moja nilikuwa karibu na kituo cha treni cha Kindu, nikirekodi matangazo ya watu wanaotafuta jamaa zao. Mtoto mmoja wa miaka kumi hivi, mtu wa milimani ambaye hakuwahi kuona reli, alifuata vile vyuma kwa macho mpaka upande wa mto, kisha akaniuliza: "Papa, kwa nini njia inaishia hapa?"

Nilimjibu haraka kwamba mbele kuna Lualaba. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni habari ya wafanyakazi waliobadilishiwa kazi yao yote kwa mara moja, na ya mambo yanayotokea mabadiliko yanapofika kwenye mashine bila kufika kwa watu. Leo naandika ile nusu ya pili.

Reli iliyozaliwa na mto

Mwaka wa 1902 tajiri mmoja wa Ubelgiji, Édouard Empain, alianzisha kampuni ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi tatu: CFL, reli ya Kongo ya Juu hadi Maziwa Makubwa ya Afrika. Mtu huyohuyo ndiye aliyejenga treni ya chini ya ardhi ya Paris. Shabaha yake huku haikuwa kushindana na mto. Pale mashua ilipopita, iliachiwa mashua. Pale maji yalipoanguka juu ya mawe, iliwekwa reli.

Kwa hiyo mwaka wa 1906 ilifunguliwa njia ya kilometa 125 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, mpaka Ponthierville, yaani Ubundu. Kutoka Ubundu mtu alipanda mashua mpaka Kindu. Hapa Kindu ilianza reli nyingine ya kilometa 355, kupitia Kibombo na Samba mpaka Kongolo, iliyokamilika kati ya mwisho wa 1910 na mwanzo wa 1911. Mwaka wa 1915 ikamalizika ile ya Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, kilometa 273. Mzigo wa kutoka Kisangani kwenda Kalemie ulipanda treni, mashua, treni, mashua, na tena treni. Ni mwaka wa 1939 tu ndipo Kongolo na Kabalo zilipounganishwa kwa reli.

Kila badiliko la chombo lilikuwa mabega ya watu. Waliokata msitu, waliobeba mataruma, waliopasua kuni za kulisha injini za mvuke, wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kazi hiyo. Muji wetu uliitwa Kindu-Port-Empain kwenye ramani za wakati ule. Hakuna bandari iliyopewa jina la mpasua kuni.

Mwaka wa 1955: kazi isiyokubali nusu

Reli ya CFL ilikuwa na upana wa meta moja kamili kati ya chuma na chuma. Ni upana uleule wa reli ya Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika. Lakini reli ya Katanga, iliyobeba shaba, ilikuwa na upana wa milimeta 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimeta 67, kama upana wa vidole vinne vya mkono. Kwa macho huioni. Kwa gurudumu la treni, ni kama bahari.

Wakubwa waliamua kuunganisha njia yetu na ya Katanga. Mwaka wa 1955 reli ya upande wa Kindu, Kongolo na Kalemie ilipanuliwa kufikia ule upana wa Katanga, na mwaka wa 1956 kipande cha Kabalo mpaka Kamina kikafungwa. Tangu hapo behewa liliweza kutoka Lubumbashi na kufika Kindu bila kushusha hata gunia moja, safari ya karibu kilometa 1,500.

Tufikiri kidogo kazi hiyo ilitaka nini. Chuma kimoja unakiacha, cha pili unakisogeza. Lazima misumari ing'olewe na ipigwe upya, taruma kwa taruma. Pale njia mbili zinapoachana, vyuma vyote vinapimwa tena. Magurudumu ya kila injini na kila behewa yanaingia karakana. Na huwezi kufanya nusu: gurudumu la zamani juu ya reli mpya linatumbukia katikati. Mtu wa njia, fundi wa karakana, dereva, mkuu wa kituo na mtunza stoo wanapaswa kujua wote ni kipande gani kimeshabadilika na kipi bado. Mmoja asipojua, treni inaanguka.

Wamarekani walipata mtihani wa namna hiyo mwaka wa 1886. Majimbo yao ya kusini yalibadilisha upana wa karibu kilometa 18,500 za reli kwa muda wa siku mbili hivi, tarehe 31 ya mwezi wa tano na 1 ya mwezi wa sita. Ukisikia siku mbili unaweza kusema ni muujiza. Muujiza ulikuwa ni ile miezi ya matayarisho: misumari ya upande mpya ilipigwa mapema, magurudumu yalitayarishwa mapema, na kila kikundi kilijua kipande chake kabla ya jua kuchomoza. Ile siku yenyewe ilikuwa ni kumalizia tu.

Sasa rudi kwa swali la mtoto. Kile kipande cha Kisangani mpaka Ubundu hakikubadilishwa. Kimebaki na upana wa meta moja mpaka leo. Kwa hiyo kati ya Kindu na Ubundu hatuna mto peke yake. Hata kama kesho mtu angejenga reli ya kuziba nafasi hiyo, gurudumu la Lubumbashi lisingeweza kuendelea mpaka Kisangani. Mabadiliko ya 1955 yaligeuza uso wa Kindu kuelekea Katanga, na ndiyo sababu familia nyingi za hapa zina shangazi ao mjomba kule Lubumbashi. Ndiyo sababu pia njia inaishia hapa.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?

Kwa upande wa vyuma, kazi ya 1955 ilifaulu. Kwa upande wa watu, ilikuwa na kasoro kubwa. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika aliweza kuwa fundi mzuri, mwenye mikono inayojua kila nati, lakini uamuzi na mahesabu vilikaa kwa mzungu. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1960, uhuru ulifika. Inchi nzima, kubwa namna hii, ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Wakubwa wengi Wabelgiji waliondoka kwa haraka katika fujo za mwezi wa saba, na elimu yao wakaondoka nayo.

Mtu aliyefundishwa kukaza nati bila kuambiwa kwa nini, siku hiyo anabaki na ufunguo wa spana mkononi, lakini ufunguo wa ofisi hana. Baadaye ikaja vita ya Simba, iliyofika Kindu mwaka wa 1964. Mwaka wa 1974 mashirika ya reli yakaunganishwa kuwa moja, SNCZ, lenye makao Lubumbashi, ambalo leo ni SNCC. Majina yalibadilika ofisini, lakini aliyeishikilia njia kwa kweli ni yule mtu wa kipande chake, aliyepita kila asubuhi akigonga misumari na kusikiliza sauti yake.

Halafu ikaja vita ya 1998. Mwezi wa kumi mwaka ule Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na treni ya kusini ikakatika. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka majani yaliyofunika vyuma mpaka sisi watoto tukapoteza mahali pa kuchezea. Chumvi na sabuni vilifika juu ya kinga, zile baiskeli zinazosukumwa siku nyingi porini, na bei yake kila mama aliyeishi hapa anaijua. Mwaka wa 2004, baada ya miaka kama sita, treni kutoka Lubumbashi ilirudi. Filimbi yake nilikuwa nimeshaisahau. Katika kartia yetu watu waliacha sufuria motoni wakaenda kuiangalia.

Jirani yetu mmoja, mzee wa reli, hakukimbia pamoja na wengine siku ile. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anasikiliza kama dereva anajua mahali pa kupunguza mwendo. Yeye alivijua vipande vibaya vyote kwa kichwa. Hakuwa ameviandika popote. Ameshafariki sasa, na alichokijua tumekizika pamoja naye.

Mwaka wa 2010 Benki ya Dunia ilikubali mradi mkubwa wa usafiri, na sehemu yake ilikuwa kuinua SNCC: njia, injini, pamoja na kuwastaafisha wafanyakazi wenye umri mkubwa. Kupumzika ni haki ya mzee. Lakini mahali popote pa kazi, mzee akipumzika kabla ya kijana kukaa karibu naye mwaka mzima, injini mpya inafika kwa watu wapya ambao hawana wa kumuuliza.

Juma tulilonyamaza

Ndugu zangu, siandiki haya kwa kuwacheka watu wa reli. Kwetu redioni yalitupata hayohayo.

Nilipoanza kazi, redio moja ndogo niliyofanyia ilikuwa ya kaseti. Tulirekodi kwa kaseti, tulikata kwa kurudisha nyuma na mbele, na kila mtu alijua kufungua mashine na kuipangusa kwa pamba. Kisha tukaletewa kompyuta na meza mpya ya sauti. Tulifurahi sana. Kaseti zilitiwa kwenye katoni juma lilelile. Fundi mmoja peke yake alifundishwa, siku tatu tu.

Mwezi wa pili yake, fundi huyo alifiwa akaenda Kibombo kwenye matanga. Umeme ukakatika, jenereta likawashwa, na kompyuta ikakataa kufungua ile programu ya matangazo. Hakuna aliyejua neno la siri. Tulinyamaza siku nne. Katika siku hizo tulikuwa na karatasi sita za familia zilizotafuta watoto waliopoteana nao njiani. Mama mmoja alikuja kila asubuhi kutoka Alunguli, akilipa mtumbwi kuvuka mto, kuuliza kama jina la mtoto wake limesomwa. Tulimjibu: mama, mashine. Sitasahau alivyotuangalia.

Fundi aliporudi, mkuu wetu hakumgombeza. Alitukusanya wote, wasomaji wa habari, walinzi, hata yule anayeweka mafuta kwenye jenereta, akasema kosa ni lake yeye kiongozi, kwa sababu alinunua mashine bila kununua muda wa kujifunza. Kuanzia siku hiyo mambo matatu yalibadilika. Kaseti zilitolewa kwenye katoni zikakaa karibu kwa miezi mitatu, mpaka kila mmoja wetu alipoweza kurusha kipindi peke yake. Likanunuliwa daftari ambamo kila hitilafu iliandikwa: siku, kilichotokea, nani alitengeneza na namna gani. Na kila Jumamosi mmoja wetu, si fundi, alimfundisha mwenzake kazi moja ya fundi. Mlinzi wetu ndiye aliyegundua kwamba jenereta likiwashwa kabla ya kuzima swichi ya studio, kompyuta inapigwa na umeme. Alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hilo ndilo nililokuja kulielewa niliposoma habari ya milimeta 67. Anayeongoza mafundi katika mabadiliko anahesabu vyuma, na ni vema ahesabu. Lakini hesabu ya kwanza ni hii: siku fulani asipokuwepo, ni wangapi wanaoweza kuendesha? Kama jibu ni mmoja, mabadiliko bado hayajafanyika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ninyi wazee mliofanya kazi ya reli, mlioko Kindu, Kibombo, Samba ao Kongolo, mfikieni kijana yeyote mwenye daftari, mumwambie vipande vibaya viko wapi na kwa nini. Na ninyi ndugu mliohama, kati yenu wamo mafundi wa umeme, wa simu, wa magari, walimu. Mlipokimbia hamkubeba vyombo vyenu, lakini kazi mnaijua. Jitambulisheni kwa wakaaji wa mahali mlipofikia, na sisi wakaaji tuwaulize.

Yule mtoto bado yuko upande wa komini ya Kasuku na mama yake. Jumamosi nitampelekea jibu lake kamili, na nitachukua rula ili aione kwa macho yake ile milimeta 67.