Thuluthi mbili: kikomo, si fungu

Mtu wa Kona ya Musa, kule Diani, Kwale, hahitaji kufundishwa thuluthi ni nini. Amelisikia neno hilo msibani, pengine matanga hayajaanuliwa: marehemu ameacha wasia, na wasia hauvuki thuluthi moja ya mali, baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa. Atalisikia tena kwa kadhi, wakati wa kugawa mirathi: mabinti wawili au zaidi, wasipokuwa na ndugu wa kiume, hupata thuluthi mbili.

Neno ni moja, lakini kazi zake ni mbili. Kwenye wasia, thuluthi ni kikomo: unaweza kuusia pungufu ya hapo, au usiusie kabisa, ila huna ruhusa ya kuzidisha. Kwenye mirathi, thuluthi mbili ni fungu, yaani kiasi anachostahiki mtu na ambacho hapunjwi. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa istilahi ambayo Wakenya wanaitaja kila msimu wa uchaguzi na kila mara serikali inapotangaza uteuzi: thuluthi mbili ya jinsia.

Katiba ya 2010, Ibara ya 27(8), inaitaka Dola ichukue hatua za kisheria na nyinginezo ili, katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili ya wanachama. Kanuni hiyo haimtaji mwanamke wala thuluthi moja. Imeweka mpaka wa juu, na mpaka huo unazibana jinsia zote mbili. Kwa hiyo bodi ya umma yenye akina mama watupu inavunja kanuni sawasawa na ile ya wanaume watupu. Thuluthi hii ni ya wasia. Wengi tunaisoma kama ya mirathi, ndipo tunasikia kwamba “akina mama wamepewa thuluthi yao”, kana kwamba hapo ndipo haki yao inapoishia. Kikomo hakimzuii mtu kufika nusu kwa nusu.

Kosa hili lina gharama inayohesabika. Chukua bodi ya watu kumi. Anayewaza fungu atasema thuluthi ya kumi ni tatu na ushei, basi wanawake watatu wanatosha. Anayewaza kikomo ataanza upande wa pili: thuluthi mbili ya kumi ni sita na ushei, na kwa kuwa mtu hakatwi vipande, wanaume hawawezi kuzidi sita. Wanawake ni lazima wawe wanne. Nafasi moja nzima imepotea kwa kuielewa istilahi kombo.

Hesabu hii imewahi kugonga kilele cha mahakama. Mahakama ya Juu ilipoundwa mwaka 2011 ilikuwa na majaji saba, watano wanaume na wawili wanawake. Thuluthi mbili ya saba ni nne na ushei, kwa hiyo watano walikuwa wamevuka. Chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, kilikwenda Mahakama Kuu kupinga uteuzi huo, na mwaka huohuo kesi yake ikatupwa. Mwaka 2021, Martha Koome alipokuwa Jaji Mkuu, benchi lilifikia wanaume wanne na wanawake watatu, na hapo kikomo kikatimia.

Kuna namba nyingine inayozidi kuchanganya mambo: asilimia 30. Hii ilitangulia Katiba. Mwaka 2006 Rais Mwai Kibaki aliagiza wanawake wapate asilimia 30 ya nafasi katika utumishi wa umma. Asilimia 30 ndiyo pia sehemu ya zabuni za serikali inayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Hayo ni mafungu hasa. Yamekaa karibu na thuluthi moja kwa tarakimu, na watu wakayafanya kitu kimoja. Lakini asilimia 30 ya watu kumi ni watatu, na kikomo cha Katiba, kama tulivyoona, kinadai wanne.

Magazeti huandika “sheria ya thuluthi mbili”. Neno kanuni lina usahihi zaidi, kwa sababu sheria ya kuitekeleza Bungeni ndiyo haswa iliyokosekana. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba kanuni itimizwe hatua kwa hatua, na sheria yake ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Februari 2019 mswada wa kubadilisha Katiba ulianguka kwa kukosa wabunge wa kutosha. Ulihitaji kura 233, ambazo, kwa kinaya, ni thuluthi mbili ya wabunge 349. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa huko. Bunge halikuvunjwa.

Kaunti zina njia yake. Ibara ya 177 inaongeza viti maalumu katika bunge la kaunti mpaka kikomo kitimie. Kwale ina wodi 20. Tuseme wapiga kura wamechagua wanaume 17 na wanawake watatu. Ili wanaume 17 wasizidi thuluthi mbili, bunge zima lazima liwe na watu wasiopungua 26, basi wanawake sita wanaongezwa. Ibara ya 197 inaibana kamati tendaji ya kaunti vivyo hivyo. Hapa cheo hakihesabiwi, vichwa ndivyo vinavyohesabiwa. Fatuma Achani alikuwa naibu gavana wa Kwale tangu 2013, akachaguliwa gavana 2022, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika kaunti hiyo. Hilo ni jambo kubwa, lakini gavana mwanamke hafidii kamati iliyopinda.

Istilahi hii nayo ina mpaka wake. Wakazi wengi wa Kona ya Musa hutafuta riziki kwenye hoteli za Diani, na hoteli ya mtu binafsi haifungwi na thuluthi mbili. Huko kinachofanya kazi ni Sheria ya Ajira ya 2007: malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na majuma mawili kwa baba, na kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Anayemdai meneja thuluthi mbili amebisha mlango usio wake.

Kuhusu tahajia, kamusi nyingi huandika theluthi, na vyombo vya habari vya Kenya thuluthi. Asili ni Kiarabu kilekile na zote zinafaa. La msingi ni neno linalotangulia. Napendekeza tuandike “kikomo cha thuluthi mbili”, ili msomaji asilitafute fungu lisilokuwepo. Na atakayekabidhiwa orodha ya kamati aikague hivi: zidisha idadi ya wanachama kwa mbili, gawanya kwa tatu, tupa baki. Jibu ndilo mwisho wa jinsia yoyote ile.